Oili Iliyokuwa Ikiongezeka

Mama alianza kumshuku Kuddus asubuhi moja ya msimu wa maji mengi, alipomkuta amechutama ndani ya boti yetu akitoa oili kwenye injini na kuitia kwenye kopo la bati. Jua ndiyo kwanza lilikuwa linachomoza. Kuddus alishtuka, akalisogeza kopo nyuma ya goti lake. Nadhani ni lile goti lililomponza. Angeliacha kopo wazi, huenda mengi yasingetokea.

"Unafanya nini?" Mama akauliza.

"Napunguza oili, shemeji. Imezidi."

"Imezidi? Nani ameiongeza?"

"Inaongezeka yenyewe."

Alipanda juu nyumbani, akaja kukaa karibu na cherehani yangu, akatia tambuu mdomoni. Akatafuna kwa muda mrefu, kisha akaniambia, "Moyna, miaka yote niliyoishi na baba yako, injini ilikuwa inakula oili. Sijasikia injini inayozaa oili."

Boti ile aliiacha baba, na injini yake ilitolewa kwenye lori kuukuu, silinda nne. Upande wetu wa Sunamganj mashamba hugeuka maji kwa nusu mwaka, kijiji chetu kinabaki kisiwa, na asiye na boti hana soko wala hospitali. Kuddus aliendesha boti hiyo na baba miaka kumi na minane. Hawakuwa ndugu wa damu, lakini baba alimwita mdogo wake, mimi nikamwita baba mdogo, na Mama akawa shemeji yake. Baba alipofariki, Kuddus ndiye aliyeingia kaburini kumlaza.

Ndiyo maana Mama aliona uchungu zaidi. Mtu wa mbali akikuibia unapiga kelele. Wa karibu, unaanza kuhesabu siku za nyuma.

Mume wangu Belal alikuwa anaishi nasi. Kwetu mwanamume anayehamia ukweni huchinjiwa bata na kuitwa mfalme wa nyumba, halafu akitoka mlangoni watu humcheka hadi ufizi uonekane. Belal alilijua hilo. Alikuwa amefanya kazi ya kutengeneza simu mjini Sylhet, na alipokuja kwetu alitaka sana aonekane kuwa hata injini anaiweza. Mama akamwachia mambo yote ya matengenezo, kwa heshima ya mkwe.

Jioni ile Mama alipomsimulia habari ya kopo, Belal alitazama sahani yake.

"Mama, mimi sipendi kusema," akasema.

"Basi usiseme," nikamwambia.

Mama akanikata jicho. "Mwache mkwe wangu aseme."

"Boti yetu imechoka tangu mwezi uliopita. Haivuti. Ikichoka, abiria wanakwenda wapi?"

"Kwa Torikul," Mama akajibu.

"Na Torikul ni nani?"

Torikul alikuwa ameingiza boti mpya kwenye njia yetu msimu ule ule, na dada yake ndiye mke wa Kuddus.

Ni kweli boti ilikuwa haivuti. Zamani tulifika sokoni chai ya nyumbani haijapoa tumboni. Sasa Kuddus akisukuma moto hadi mwisho, injini inanguruma kwa shida, inatoa moshi, inakwenda kama ng'ombe mwenye mimba. Torikul akitupita, vijana wake wanapiga kelele, "Mama Moyna! Tukurushieni kamba?" Na mshale wa presha ya oili, ambao baba alikuwa anaugonga kwa kidole na kusema "moyo mzima huu," ulikuwa umelala chini kama mtu mwenye homa.

Mama akaanza upelelezi wake. Alichukua sindano yangu nene ya kushonea mablanketi, akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakwaruza alama mahali oili ilipofikia. Hakumwambia mtu ila mimi. Siku ya tatu alirudi akakichomoa tena. Oili ilikuwa imepanda juu ya alama kwa upana wa kidole.

"Anaongeza," akaninong'oneza. "Anaongeza kitu. Halafu akiona imejaa sana anatoa, ili tusimgundue."

"Anaongeza nini, Mama?"

"Ningelijua ningekuwa bado nanong'ona?"

Alimwita Kuddus uani, mbele yangu na Belal. Kuddus akasimama, kitambaa chake begani, mikono imechafuka kama kawaida.

"Inaongezeka kwa sababu dizeli inaingia kwenye oili," akasema. "Inusheni tu. Nimekwisha mwambia Belal, mara mbili, aite fundi. Mimi napunguza kila asubuhi ili tusife, lakini hiyo si dawa."

Mama akamgeukia Belal. "Alikuambia?"

Belal akacheka kidogo. "Mimi? Hapana. Angeniambia ningekaa kimya?"

Kuddus alimtazama. "Sawa," akasema. "Kama sikusema, basi sasa nasema. Iteni fundi."

"Dizeli ina njia yake na oili ina njia yake," akasema Belal. "Imefuata nini huko? Imekwenda kuposa?"

Mama akacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu kuna kitu kilinipita moyoni na kuondoka kabla sijakishika. Kilihusu mkasi wangu.

Wiki kadhaa nyuma, Kuddus alipokwenda siku tatu kumwoza binti yake, niliukuta mkasi wangu wa meno umekuwa butu. Ule ni mkasi wa kukatia pindo zisichanike, unaacha ukingo wa meno ya msumeno, na kijijini petu ni mimi peke yangu niliyenao. Mama aliniletea kutoka Dhaka. Kwenye bawaba yake kulikuwa na vumbi jeusi. Nikamwuliza Belal. Akaniambia alikata kiraka cha baiskeli.

Baiskeli gani, majira ya maji? Baiskeli ya marehemu baba ilikuwa inaning'inia darini, na haikuwa na barabara ya kupita mpaka miezi minne ijayo. Lakini sikumwuliza mara ya pili. Mume anayeishi ukweni huulizwa maswali na kila mtu. Niliona mimi angalau nimpumzishe.

Kesho yake Mama akanunua kufuli. Alilitia kwenye sanduku la mbao linalofunika injini, ufunguo akaufunga kwenye pindo la sari yake. Kuddus akabaki na usukani, na waya wa moto wa kuongeza mwendo, na waya wa kuzimia, basi. Wa kufungua sanduku ni Mama mwenyewe, naye hakulifungua.

"Shemeji, nisipopunguza itajaa," Kuddus akasema.

"Ikijaa nitajua si wewe."

"Ikijaa hutajua kitu, utakuwa majini."

"Unanitisha?"

Kuanzia hapo hawakusemezana ila habari za kamba na abiria.

Siku ya tano, siku ya soko, niliingia botini mimi pia, nilihitaji uzi na vifungo. Tulikuwa abiria kama arobaini, na vikapu vya bata ambavyo mama mmoja wa kijiji cha pili alikuwa anavipeleka kuuza, amevifunika magunia mabichi wasipate joto. Mama alikaa juu ya sanduku la injini kama kuku juu ya mayai. Belal alikuwa mbele akipanga mizigo. Upepo ulikuwa umeanza kuinua mawimbi.

Katikati ya maji, mahali ambapo visiwa vyote viwili, chetu na cha sokoni, huonekana kama mstari tu, injini ilibadili sauti. Ilikuwa inakokota kama kila siku, ghafla ikaanza kupanda. Kuddus hakuwa amegusa kitu. Akapunguza moto. Ikapanda. Akavuta waya wa kuzimia hadi mwisho. Ikazidi kupanda, ikapiga ukelele ambao sijausikia tena tangu siku ile, mbao zote zikawa zinatetemeka miguuni, na moshi mweupe wenye ubuluu ukamwagika kwenye bomba mpaka hatukuwaona waliokaa nyuma.

"Zima!" watu wakapiga kelele. "Zima!"

"Nimezima!" akajibu Kuddus. Akauachia usukani, akaja kwa Mama. "Ufunguo, shemeji!"

"Wa nini?"

"Inakunywa oili yake yenyewe! Nipe ufunguo!"

Mkono wa Mama ulikwenda kwenye pindo la sari ukasimama pale. Nilimwona. Haikuwa hofu iliyomshika. Alikuwa anafikiri: je, hiki ndicho alichokuwa anakitafuta, sanduku lifunguliwe? Mama yangu, watu arobaini wanapiga shahada, yeye anafikiri.

Kuddus hakumngoja. Alimsukuma kando, akainyanyua nanga ndogo akalipiga kufuli mara mbili, komeo likang'oka na msumari wake. Akafunua. Moshi ukampiga usoni. Akamnyang'anya mama wa bata gunia moja bichi, akalikunja mara nne, akazama hadi kifuani ndani ya lile sanduku, akaliziba tundu ambalo injini inavutia hewa. Gunia lilinyonywa likataka kumezwa. Akalishikilia kwa mikono yote miwili. Mkono wa kushoto ulikuwa umelala juu ya bomba la moshi, na nilisikia harufu kabla sijaelewa harufu ya nini.

Injini ikakohoa. Ikakohoa tena. Ikafa.

Kilichobaki ni sauti ya mawimbi yakitupiga ubavuni, na bata. Kuddus akakaa chini, akauingiza mkono majini hadi kwenye kiwiko. Belal alikuwa bado mbele kabisa, amekumbatia gunia la mchele wa mtu.

Aliyetuokoa na mawimbi alikuwa Torikul. Alikuja nyuma yetu, safari hii hakuna aliyetania, akaturushia kamba akatuvuta hadi bandarini.

Ungedhani hapo Mama angeona. Lakini shuku ni kama maji ya mafuriko, yakishaingia ndani ya nyumba hata ukifunga mlango unayafungia ndani. Tulipoteremka, Kuddus akiwa amefungwa mkono kwa kitambaa cha mtu, Mama alimwendea.

"Umejuaje la kufanya?"

Kuddus hakuelewa. "Nini?"

"Hakuna aliyejua ila wewe. Umekwenda moja kwa moja. Na Torikul alikuwa karibu sana, kama aliyeambiwa asubiri."

Mama wa bata akasema, "Ee, dada, jamani!" Kuddus alimtazama Mama, kisha akanitazama mimi, na nikaangalia chini. Akavua kitambaa kilichokuwa begani, akaufutia ule mkono uliobaki mzima.

"Nimejua kwa sababu mumeo alinifundisha," akasema. Akaondoka.

Fundi Nirapada alikuja siku ya pili, na sanduku lake la spana na mwavuli. Ni mzee mwembamba, mwenye maneno ya pembeni. Mama alikaa karibu naye kama askari.

"Nakuambia mapema, fundi," akasema. "Nyie mafundi hamkosi ugonjwa. Chochote utakachokisema nataka nikione kwa macho."

"Vizuri, Mama Moyna. Mgonjwa akiwa na shahidi, daktari hawezi kudanganya."

Akachomoa kijiti. Oili ilikuwa imefika juu kabisa, karibu na mpini. Akadondosha tone lake kwenye gazeti, na pembeni yake akadondosha tone la oili mpya kutoka kwenye kopo lake. Tone jipya lilikaa kama ushanga. Lile letu lilitambaa, likaacha doa jeusi katikati na duara pana la unyevu kuzunguka. Akampa Mama anuse. Mama akakunja pua.

"Dizeli," akasema, kama mtu anayelazimishwa kutamka jina la adui.

"Dizeli. Oili imekuwa chai. Sasa, chai haiwezi kuinua mshale wa presha, haiwezi kulinda chuma. Tuangalie inapoingilia."

Akaweka spana kwenye pampu ndogo iliyokaa ubavuni mwa injini, ile inayoivuta dizeli kutoka kwenye tangi.

"Pampu haina shida," akasema Belal, aliyekuwa amesimama nyuma yetu. "Nimeiangalia."

"Umeiangalia lini?" Mama akauliza bila kugeuka.

"Zamani kidogo."

Fundi aliifungua pampu bila kuinua macho, akaitoa ikiwa imeshikana na mpira wake wa dizeli, akaanza kuipiga kwa kile kimkono chake cha chini. Ilitakiwa dizeli itoke juu. Ilitoka kidogo tu, kwa unyonge, na nyingine ikaanza kuchuruzika chini, upande ule unaoingia tumboni mwa injini, tone kwa tone, kisha mstari.

"Umeona kwa macho?" akamwuliza Mama. "Nusu inakwenda kwenye nozeli zinazoirushia silinda, nusu inamwagika kwenye oili. Ndiyo maana haivuti, ina njaa. Na ndiyo maana oili inapanda. Ikipanda sana, injini inaivuta kupitia bomba lake la kupumulia na kuichoma. Ikifika hapo, kuizimia dizeli ni sawa na kumnyima maji mtu anayezama. Huizimi mpaka uinyime pumzi."

"Na mtu akiwa anaipunguza oili kila asubuhi?" nikauliza mimi.

"Huyo ndiye aliyewaweka hai. Ni sawa na kukumba maji kwenye mtumbwi unaovuja. Si tiba, lakini ukiacha unazama. Nani alikuwa anafanya hivyo?"

Akafungua skrubu sita za pampu, akatoa kiwambo cha mpira kilicho ndani, kinachotenga dizeli na oili, akakiweka juu ya gazeti.

Kilikuwa kimevimba, kimelegea kama chapati iliyolowa, na kimechanika katikati.

"Hiki si kiwambo," akasema fundi. "Hiki ni tyubu ya baiskeli. Dizeli inaila tyubu kama mchwa na karatasi. Aliyefanya hivi, Mama Moyna, si mwizi. Mwizi huchukua chake akaenda zake. Huyu ni mjuaji."

Mimi sikuwa nasikiliza. Nilikuwa naangalia ukingo wake. Pamoja na kuvimba kote kule, ukingo mzima ulikuwa na meno ya msumeno, madogo, sawasawa, kama pindo la sketi ya shule.

Nikamtazama Mama. Naye alikuwa anauangalia ukingo ule ule. Alikuwa ameuchagua ule mkasi mwenyewe. Nikajua kwamba kama nikinyamaza, atanyamaza; mkwe ni mkwe, na aibu yake ni yangu. Tungemwambia fundi aweke kiwambo kipya, na kijiji kingebaki na habari ya Kuddus na Torikul kama ilivyo.

"Ni mkasi wangu," nikasema.

Belal aliketi pale pale kwenye ukingo wa boti. Nilitarajia akatae, lakini alianza kusema haraka haraka, kana kwamba yale maneno yalikuwa yanamchoma. Pampu ilikuwa imeanza kuvuja kidogo kwa nje Kuddus alipokwenda kwenye harusi. Aliifungua ili Kuddus akirudi akute kazi imekwisha. Akakichana kiwambo cha zamani wakati wa kukitoa. Akaona aibu kumwita fundi.

"Na Kuddus alipokuambia?" Mama akauliza.

"Aliniambia dizeli inaingia kwenye oili. Nikajua ni pampu. Fundi angeifungua akaona."

"Ukaona bora ulitaje jina la Torikul."

"Nilifikiri nitanunua kiwambo kingine kimya kimya nikifika Sylhet." Akalia. "Mama, mimi hapa naitwa mla wali wa ukweni. Nilitaka kitu kimoja tu."

Mama hakumtukana, na nadhani Belal angefarijika kama angetukanwa. Alimwambia tu, "Kuna watu arobaini walikuwa mle, na mkeo mmoja." Kisha akamwambia fundi aendelee na kazi.

Alasiri ile Mama alinichukua tukaenda kwa Kuddus kwa mtumbwi mdogo. Alibeba mkungu wa ndizi na sanduku lake la tambuu. Kuddus alikuwa amekaa barazani, mkono umefungwa kitambaa cheupe cha zahanati. Mkewe alituletea chai na muri, bisi za mchele, bila kututazama.

"Nimekosa, Kuddus," Mama akasema. Sijawahi kumsikia akilisema neno hilo kwa mtu, hata kwa baba.

"Yameshapita, shemeji."

"Rudi basi. Sanduku halitafungwa tena."

Kuddus alikunywa chai yake taratibu, kwa mkono wa kulia.

"Moyoni nimekusamehe," akasema. "Lakini sirudi. Siku injini itakapokohoa nitataka kusema. Na nikisema, wewe kabla hujasikia, utaitazama mikono yangu kwanza. Hutapenda, lakini utaitazama."

Mama hakuweza kuapa kwamba haitakuwa hivyo. Akamtengenezea tambuu, akampa, Kuddus akaipokea na kuitafuna, na tukaondoka.

Mkono ulipopona aliingia kwenye boti ya Torikul. Sisi tulimpata nahodha mwingine kutoka Tahirpur, kijana mzuri, mwenye heshima, asiyesikia kitu injini ikilia. Belal alijipeleka mwenyewe kwa fundi Nirapada, anashinda huko akiosha vipuri kwa petroli, na fundi anasema ameanza kuuliza kabla ya kufungua. Mimi bado ni mke wake. Lakini akirudi nyumbani na kitu mfukoni, namwuliza ni nini, na akinijibu, namwuliza mara ya pili.

Mwezi wa mwisho wa maji tulikutana na boti ya Torikul katikati ya njia, boti zikipishana. Kuddus alikuwa kwenye usukani. Alipunguza mwendo, akainamisha kichwa upande, akasikiliza injini yetu mpaka tulipomaliza kupita. Kisha akaniita kutoka kule, kwa sauti kubwa ya juu ya maji:

"Moyna! Mwambie mama yako, nozeli ya tatu inagonga!"

Nilimwambia. Mama hakuuliza ameijuaje. Alimtuma mtu kwa fundi siku hiyo hiyo.